Ombi Linaanzia Mtaani: Mwongozo wa Kuomba Feloshipu kwa Wazo Changa la Mabadiliko ya Kijamii

Wafadhili wengi wa asasi za kiraia huanza kwa kuuliza cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa na orodha ya miradi iliyokwisha kutekelezwa. Mtu mwenye wazo la miezi sita hana hata kimoja kati ya hivyo. Hapo ndipo feloshipu za hatua za mwanzo zinapokuwa na thamani ya pekee, kwa sababu zinampa mtu pesa wakati ambapo hana cha kuonyesha zaidi ya wazo lake na kazi ndogo aliyoianza.

Mojawapo ya zinazofahamika zaidi ni ya Echoing Green, taasisi iliyoanzishwa New York mwaka 1987. Mwaka 2006 ilimuunga mkono Andrew Youn, mwanzilishi wa One Acre Fund, shirika lililoanza na familia zipatazo 40 za wakulima huko Bungoma, magharibi mwa Kenya, kwa kuwakopesha mbegu na mbolea na kuwafundisha namna ya kuzitumia. Leo shirika hilo, ambalo wakulima wa Rwanda wanalijua kwa jina la Tubura, linahudumia zaidi ya familia milioni moja katika nchi kadhaa za Afrika. Mwaka 2010 zamu ikawa ya Kennedy Odede na Jessica Posner wa SHOFCO, shirika la kijamii la Kibera, Nairobi. Odede, aliyekulia Kibera, alikuwa ameanza kuwakusanya vijana wenzake tangu mwaka 2004 akiwa na mpira mmoja wa miguu, na mwaka 2009 shule yao ya wasichana ya Kibera ilikuwa imefungua milango.

Angalia mpangilio wa mambo katika visa vyote viwili. Kazi ilitangulia, pesa ikafuata. Wale wakulima wa Bungoma na wale vijana wa Kibera walikuwepo kabla fomu haijajazwa. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: ombi zuri huandikwa na mtu aliyekwisha kukaa karibu na tatizo, akajaribu kitu kidogo, na sasa anaeleza alichokiona. Makosa mengi ya waombaji hutokana na kuikimbilia fomu kabla ya hapo.

Ili tusizungumze hewani, tutamfuata mwombaji mmoja wa kubuni: mwanamke wa Dar es Salaam anayetaka kuwalinda wafanyakazi wa nyumbani wanaofukuzwa bila kulipwa.

Jua unaomba nini

Neno feloshipu limebeba vitu vingi, na ukikosea mlango utapoteza miezi. Echoing Green hutafuta wazo changa ambalo mwenye wazo yuko tayari kulifanyia kazi kwa muda wote. Ashoka, iliyoanzishwa na Bill Drayton mwaka 1980, humtazama mtu ambaye wazo lake limekwisha kuonyesha dalili za kuenea. Wanaomchagua hupima mambo matano: upya wa wazo, ubunifu wa mtu mwenyewe, uwezo wake wa kulisukuma jambo hadi mwisho, athari kwa jamii, na uadilifu. Akichaguliwa, anaweza kupewa posho ya kujikimu kwa hadi miaka mitatu. Mandela Washington Fellowship, iliyoanza mwaka 2014, imekuwa ikiwapeleka vijana wa Afrika kwenye vyuo vikuu vya Marekani kwa mafunzo ya uongozi. Ina faida zake, lakini usiiombe ukidhani ni mtaji wa wazo.

Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Soma ya mwaka huu, kwenye ukurasa wa taasisi yenyewe, ukiwa na kalamu mkononi. Andika majibu ya maswali haya: Umri unaotakiwa ni upi? Nchi yako imo? Lazima uache kazi nyingine? Umri wa shirika lako usizidi miaka mingapi? Kama wazo lako ni biashara yenye lengo la kijamii, pesa hiyo ni ya kurudisha au la? Sharti moja likikukataa, acha na uende kwingine. Msomaji wa maombi mia kadhaa hana nafasi ya kumhurumia aliye nje ya vigezo.

Tahadhari moja kuhusu matapeli. Kila msimu wa maombi huzunguka ujumbe wa WhatsApp unaodai kwamba umechaguliwa, ila utume kwanza ada ya kushughulikia faili. Ukiombwa pesa ili upewe pesa, achana nao.

Chimba hadi kwenye mzizi

Feloshipu hizi zinajali tofauti kati ya kupunguza maumivu na kubadili kinachoyaleta. Kazi zote mbili ni za heshima, ila ya pili ndiyo wanayoigharamia.

Chukua suala la taulo za kike. Kugawa pakiti shuleni ni msaada. Kuna waliotazama mbali zaidi: Kenya iliondoa kodi kwenye taulo hizo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria inayoitaka serikali iwapatie bure wasichana walioko shuleni. Tanzania nayo iliondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, kisha mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Kati ya bunge na msichana wa darasa la saba kuna mwagizaji, muuzaji wa jumla na mwenye duka, na unafuu unaweza kuishia kwa yeyote kati yao. Anayeomba feloshipu kwa ajili ya suala hili leo anapaswa kueleza ni wapi hasa unafuu ulikwama na yeye atashika wapi. Akiandika tu kwamba wasichana wanakosa taulo, amesema kile ambacho kila msomaji anakijua.

Sasa turudi kwa mwombaji wetu. Rasimu yake ya kwanza inasema kwamba wafanyakazi wa nyumbani hawazijui haki zao, hivyo anaomba pesa za semina. Kabla ya kuituma, anakwenda kukaa na dada wa kazi aliyefukuzwa. Dada huyo alitolewa nje usiku na begi lake, akalala kwa rafiki, na kulipokucha akaanza kutafuta nauli ya kurudi Iringa. Alijua kwamba amedhulumiwa na alijua kuna mahali pa kulalamika. Sheria za kazi za Tanzania zinataka lalamiko la kuachishwa kazi lifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo alizimaliza akitafuta pa kulala na cha kula. Alipofika mbele ya fomu, ikamtaka jina kamili la mwajiri. Yeye alimjua kama Mama Junior. Hakuwa na mkataba, wala ujumbe wa simu unaotaja mshahara, wala mtu wa tatu wa kusema alianza kazi lini.

Semina isingemsaidia. Alichokosa ni ushahidi, na ushahidi huo ulipaswa kuwekwa siku ya kwanza ya kazi, wakati bado kuna maelewano. Kutokana na mazungumzo kama hayo linazaliwa wazo tofauti: daftari la ajira kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mwajiri na mfanyakazi wanaandikisha majina yao kamili, tarehe na mshahara waliokubaliana, mbele ya mtendaji wa mtaa. Wazo hilo linabadili utaratibu wa jinsi ajira ya nyumbani inavyoanza, na mtaa mwingine unaweza kuliiga.

Wewe nawe fanya hivyo. Zungumza na wenye tatizo, kisha na wale wanaoonekana kuwa chanzo chake. Mwombaji wetu asipozungumza na mabosi na mawakala wanaoleta mabinti kutoka mikoani, hatajua kwa nini mwajiri anaogopa kuweka sahihi, na mpango wake utaanguka wiki ya kwanza.

Jaribu kidogo kabla ya kuomba

Watu wengi husema, “Nikipata pesa nitaanza.” Anayesoma maombi anatafuta yule aliyeanza bila pesa. Jaribio lako linaweza kuwa la mtaa mmoja, miezi miwili, na gharama ya daftari na nauli ya daladala. Linachotakiwa kufanya ni kukujibu swali ambalo hukuwa na jibu lake.

Tuseme mwombaji wetu amewaalika waajiri 15 wajiandikishe, tisa wakakubali na sita wakakataa. Hizo ni namba ndogo, lakini zina nguvu kuliko sentensi inayodai kuwafikia maelfu. Na utajiri wake uko kwa wale sita. Kama wanne waliogopa kudaiwa michango ya hifadhi ya jamii, hilo ni jambo la kushughulikia katika mpango wenyewe. Andika uliyojifunza kutoka kwa waliokataa. Wasomaji wa maombi huamini zaidi mtu anayejua wazo lake linakwama wapi.

Weka kumbukumbu tangu siku ya kwanza: tarehe, mahali, nani alikuja, nini kilisemwa. Na linda watu wako. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria ni wajibu wa kibinadamu kuomba ruhusa kabla ya kutumia jina au picha ya mtu. Dada wa kazi ambaye picha yake itaonekana kwenye ombi lako anaweza kupoteza kazi kwa sababu yako.

Andika kwa maneno ya kazi yenyewe

Fomu nyingi huwa za Kiingereza. Ushauri wangu ni kwamba uandike majibu yote kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomweleza shangazi yako anayetaka kujua unashinda wapi siku hizi. Mawazo yakikaa sawa, ndipo uyahamishe. Anayeanza moja kwa moja kwa Kiingereza cha mashirika huishia kuandika maneno aliyoyasikia kwenye warsha.

Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: “Mradi wetu unalenga kuwawezesha wanawake walio pembezoni kupitia mbinu shirikishi na endelevu.” Ya pili: “Tunawaandikisha dada wa kazi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa siku wanapoanza kazi, ili wakidhulumiwa wawe na ushahidi wa nani aliwaajiri, lini, na kwa mshahara gani.” Ya kwanza inaweza kuwa ya mradi wowote duniani. Ya pili ni ya mtu mmoja tu, na msomaji ataikumbuka jioni akiwa amesoma maombi mengine 40. Kwa sababu hiyo hiyo, uwe mwangalifu na programu za akili bandia. Zinaweza kukusahihishia sarufi, lakini ukiziachia kuandika zitafuta jina la mtaa, kauli za watu na namba zako ndogo, yaani vile vitu vilivyolifanya ombi liwe lako.

Majibu manne yanahitaji uangalifu wa ziada.

*Kwa nini wewe?* Usiandike historia ya mateso yako ili uhurumiwe. Eleza uhusiano wako na tatizo na kile ambacho uhusiano huo umekuwezesha kukijua au kukifanya. Kama wewe si mmoja wa wanaoumia, sema hivyo waziwazi, kisha onyesha wenye tatizo wana nafasi gani katika maamuzi. Mwombaji wetu hajawahi kufanya kazi za ndani. Nguvu ya ombi lake ni kwamba kamati inayopanga kila hatua ina dada wa kazi watano, na wao ndio waliolibadilisha daftari baada ya jaribio.

*Nani mwingine anafanya kazi hii?* Usithubutu kuandika kwamba hakuna. Tanzania ina CHODAWU na Kenya ina KUDHEIHA, vyama vya wafanyakazi vinavyowahusu pia wa majumbani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi hao mwaka 2011. Wataje, heshimu kazi yao, kisha onyesha pengo: chama humpokea mwanachama aliyekwisha kujitambulisha, wakati daftari linamfikia binti siku anaposhuka basi katika Kituo cha Magufuli jijini Dar es Salaam, kabla hajajua hata njia ya kwenda sokoni.

*Mabadiliko yatatokeaje?* Panga hoja yako kwa mnyororo: tukifanya hiki, fulani atafanya kile, na kwa sababu hiyo jambo hili litabadilika. Kisha tafuta kiungo dhaifu kabla msomaji hajakitafuta. Katika wazo la daftari, kiungo hicho ni mtendaji wa mtaa. Akihamishwa, mrithi wake ataendelea? Kama jibu ni kwamba utaomba halmashauri iandike utaratibu huo kwenye mwongozo wa ofisi za mitaa, liandike.

*Baada ya pesa kwisha?* Huhitaji kuwa na jibu kamili. Unahitaji kuonyesha nani atalibeba jambo hili likithibitika: halmashauri, chama cha wafanyakazi, au ada ndogo ya uandikishaji inayolipwa na mwajiri.

Bajeti na karatasi za kisheria

Pesa ya feloshipu ipo ili wewe uishi na ufanye kazi. Usijiondoe kwenye bajeti kwa kudhani kujinyima kunapendeza. Atakayeisoma anajua kwamba mtu asiyelipa kodi ya nyumba hawezi kudumu na kazi hii mwaka mzima. Andika chakula, pango, bima ya afya, nauli, intaneti na simu kwa bei halisi za mahali ulipo. Kumbuka kwamba dola ikishuka, shilingi utakazopata zitapungua, hivyo acha nafasi. Uliza mapema kama pesa hiyo itatozwa kodi.

Usajili nao usikuogopeshe wala usiuache hadi mwisho. Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na vikundi vya kijamii huanzia halmashauri. Kanuni za mwaka 2018 zinataka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 liweke fedha hizo wazi na kuwasilisha mkataba kwa mamlaka ndani ya siku 10. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024 ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1990, na vikundi vya kijamii vina sheria yao ya mwaka 2022. Kama hujasajili, tafuta shirika mwenyeji litakalopokea pesa kwa niaba yako. Mwandikiane mkataba unaosema litakata asilimia ngapi, pesa itatoka ndani ya siku ngapi, na nani ana haki ya jina la mradi.

Wadhamini, saa na usaili

Mdhamini bora ni aliyekuona ukifanya kazi. Mtendaji wa mtaa aliyelitunza daftari anaweza kusema mambo ambayo mbunge hawezi. Mwombe wiki tatu kabla, mpe nakala ya ombi, na kama Kiingereza kinamsumbua uliza taasisi kama barua ya Kiswahili yenye tafsiri inakubalika.

Angalia saa ya mwisho ni ya wapi. New York iko nyuma yetu kwa saa nane majira ya baridi na saa saba majira ya joto. Makataa ya saa kumi na moja jioni kwao yakiwa mwezi wa Januari ni saa saba usiku kwetu, wakati ambao umeme ukikatika hakuna wa kukusaidia. Tuma siku mbili kabla, na hifadhi nakala ya kila jibu nje ya mtandao.

Ukiitwa kwenye usaili, tarajia maswali magumu kutoka kwa watu wasiojua mtaa wako. Fanya mazoezi na rafiki mkali. Swali usilojua jibu lake, sema hujui na ueleze utalitafutaje. Wanapima kama utabadilika hali ikibadilika, kwa hiyo usilitetee wazo lako kana kwamba ni mwanao. Lete kisa kimoja cha kweli, chenye mtu, tarehe na mahali, na ukieleze kwa dakika moja na nusu.

Jibu likija

Wengi watakaoomba watakosa, na kati yao watakuwamo watu wenye mawazo mazuri sana. Ukikosa, omba maoni kama wanatoa. Soma tena ombi lako baada ya mwezi, na angalia mahali ulipoandika kwa jumla kwa sababu ulikuwa hujui. Hapo ndipo pa kurudi mtaani kabla ya msimu ujao.

Na hata akikosa, mwombaji aliyefuata njia hii ana kitu mkononi. Waajiri tisa wameshaandikisha wafanyakazi wao. Kamati ya dada wa kazi watano inakutana. Mtendaji wa mtaa ameona kwamba daftari halimletei matatizo, na mtaa wa pili umeanza kuuliza. Haya hayategemei sahihi ya mtu aliyeko New York, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba nguvu yako kubwa uiweke kwenye kazi, fomu iwe taarifa yake tu.

Kwa hiyo wiki hii usifungue fomu yoyote. Tafuta watu watatu wanaoumia na jambo unalotaka kulibadilisha, uwasikilize mpaka mmoja akuambie kitu kinachopingana na ulichoamini, na ukiandike kama alivyokisema. Sentensi hiyo ndiyo utakayoanzia ombi lako.